Kumtafuta Uria Simango katika hifadhi za kidijitali za FRELIMO: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwanafunzi wa uzamili wa historia, hapa Dar es Salaam, alinijia na swali linaloonekana jepesi. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa hapa mjini kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Makamu wake alikuwa Mchungaji Uria Simango. Kwa nini kiti hakikumwendea makamu? Maelezo ya vitabuni alikwisha kuyasoma. Alichotaka ni karatasi zenyewe, zilizoandikwa na wahusika wenyewe, mwaka uleule.

Alikuwa ameingia kwenye hifadhi moja kubwa ya kidijitali ya nyaraka za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, akaandika jina la Simango kwenye kisanduku cha kutafutia. Alipata matoleo machache ya jarida la chama ambamo jina linatajwa kwa kupita, na makala za wasomi wa miaka ya karibuni. "Mwalimu, inaelekea mzee huyu hakuacha maandishi," aliniambia, na alikuwa tayari kuliandika hilo kwenye tasnifu.

Simango aliacha maandishi, tena makali kuliko mengi yaliyotoka Dar es Salaam katika miaka hiyo. Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeona vijana wengi wakikwama palepale: matokeo ya utafutaji yanageuzwa kuwa ushahidi wa historia, na mtu aliyeshindwa katika mapambano ya ndani ya chama anafutwa mara ya pili, safari hii na mashine.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, UDENAMO, MANU na UNAMI. Mondlane akawa rais, Simango makamu. Vita vilianza Septemba 1964. Kufikia 1968 nyumba ilikuwa inawaka moto ndani. Mei mwaka huo kulizuka vurugu kwenye ofisi ya chama hapa mjini na Mateus Muthemba akauawa. Shule ya chama, Taasisi ya Msumbiji, ilikuwa na mgogoro wa wanafunzi ambao Padri Mateus Gwenjere alihusishwa nao. Julai ulifanyika Mkutano Mkuu wa pili ndani ya Msumbiji, mkoani Niassa, na Lázaro Nkavandame, mkubwa wa chama katika Cabo Delgado, hakuukubali mwelekeo wake. Mondlane alipouawa, Kamati Kuu ilikutana Aprili 1969. Badala ya kumpa Simango urais, iliunda Baraza la Urais la watu watatu: Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos. Novemba Simango akatoa waraka wake. Mei 1970 Machel akawa rais na dos Santos makamu, na Simango alikuwa nje ya chama na nje ya Tanzania.

Ukiisoma orodha hiyo ya matukio unaona mahali pa kutafuta: kati ya Aprili 1969 na Mei 1970. Hapo ndipo hatua ya kwanza ilipobadilika. Niliona ni afadhali tuliweke jina pembeni, tuanze na miezi.

Lakini kabla ya kugusa kisanduku tena, tulikaa tukajiuliza nyaraka hizi zilifikaje mtandaoni. Swali hili watu huliruka, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Idara ya Habari ya FRELIMO, iliyoongozwa kwa miaka mingi na Jorge Rebelo, ilikuwa ikitoa jarida la Kiingereza lililoitwa Mozambique Revolution tangu Desemba 1963. Lilichapwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa posta kwa wafuasi Ulaya, Marekani na kwingineko. Kwa Kireno kulikuwa na A Voz da Revolução. Kamati za mshikamano za huko nje zililiweka jarida hilo la Kiingereza kwenye makabati yao toleo baada ya toleo, kisha makabati yakaingia kwenye maktaba za vyuo vikuu, na maktaba zikayaskani. Kwa hiyo kilichosalia kwa wingi, kwa mpangilio na kwa sura safi ni sauti ya ofisi ya habari ya upande ulioshinda. Aliyefukuzwa hakuwa na idara ya habari wala orodha ya anwani za posta, na hapakuwa na kamati ya mshikamano ya kumwekea makaratasi yake. Waraka wake ulipita mkononi, nakala chache, na ulihifadhiwa na watu waliokuwa na sababu zao: waandishi wa habari, mabalozi, wapinzani wa FRELIMO, na polisi wa siri wa Ureno.

Mtu akilielewa hilo, anajua kwamba hifadhi moja haitoshi. Struggles for Freedom, mkusanyo ulioanzishwa na Aluka na sasa uko ndani ya JSTOR, una majarida na nyaraka nyingi za vyama. Chuo Kikuu cha Michigan State kina African Activist Archive, yenye vipeperushi, mabango na barua za mashirika ya Kimarekani yaliyounga mkono ukombozi. DISA ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal imelalia zaidi Afrika Kusini. Mozambique History Net, kazi ya miaka mingi ya Colin Darch, imepanga vipande vya magazeti na nyaraka kwa mada na kwa tukio. Kwa swali kama letu mpangilio huo unasaidia kuliko kisanduku chochote, maana mtu mwenye akili amekwisha kukusogezea karatasi zinazohusiana zikae pamoja. Ningemshauri kila anayeanza utafiti wa Msumbiji aanzie hapo.

Sasa majina. Mchungaji huyu ameandikwa Uria Simango, Uriah Simango, Uria T. Simango, na katika maandishi mengi ya Kireno, Urias Simango. Ukiweka alama za nukuu kwenye tahajia moja, unazifunga nyingine zote nje. Gwenjere anaandikwa pia Gwengere, tena kwa namna nyingine katika Kireno. Nkavandame hupoteza N yake na kuwa Kavandame au Cavandame. Chama chenyewe ni FRELIMO, Frelimo, Mozambique Liberation Front, Front for the Liberation of Mozambique na Frente de Libertação de Moçambique, na kwenye kadi za maelezo za maktaba mbalimbali utakuta aina zote hizo. Maputo haikuwapo kwa jina hilo hadi 1976, kwa hiyo anayeitafuta ya 1969 aandike Lourenço Marques. Kazi hii inachosha, lakini mwanafunzi wangu alitengeneza daftari la majina, kila mtu na tahajia zake zote, na daftari hilo lilimfaa kuliko ujanja wowote wa kompyuta.

Tahajia za binadamu ni nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ni ya mashine. Nyaraka hizi zilipigwa taipu kwenye stensili na kuzungushwa kwa wino. Tulifungua ukurasa mmoja wa mwaka 1969 tukaukuza kwenye kioo. Matumbo ya herufi o na e yalikuwa yamejaa wino. Mstari wa juu ulipinda kushoto, ukingo wa kulia ulikuwa umekatwa na skana, na alama ya kutu ya stepla ilikuwa imekaa juu ya neno. Programu ya kusoma herufi inapopitishwa kwenye ukurasa wa namna hiyo inabahatisha. Herufi m huigawanya kuwa r na n. F iliyokolea wino huisoma P. Tulipoyafungua maandishi ambayo mashine ilikuwa "imeyasoma", yale ambayo kisanduku hutafutia ndani yake, tukamkuta "Sirnango" wa "PRELIMO". Machoni petu jina lilisomeka vizuri kwenye picha ya ukurasa, ila kwa mashine halikuwapo.

Basi tukaandika makosa kwa makusudi: Sirnango, Simanqo, Slmango. Pale ambapo hifadhi inaruhusu nyota kusimama badala ya herufi usizozijua, tukaandika S*mango na Sim*go. Kurasa ambazo mwanzo hazikuwapo zikaanza kujitokeza, nyingine zikiwa ripoti za mikutano, nyingine barua. Waraka wa Novemba bado haukuwamo.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa tarehe. Tulikuwa tumeweka kichujio cha mwaka, 1969 hadi 1970, kwa kuamini kwamba tunapunguza takataka. Kumbe karatasi nyingi za vyama vya ukombozi hazina tarehe. Mkutubi mwaminifu huandika s.d., yaani haina tarehe, au huacha sehemu hiyo tupu, na kichujio huitupa nje karatasi yoyote isiyo na mwaka bila kukuambia. Ni afadhali kuchuja kwa jicho. Tukaondoa kichujio, tukakubali kupitia orodha ndefu.

Kilichotufikisha ni jina la mtu mdogo. Nilimwambia mwanafunzi: waraka wa mtu aliyekasirika lazima utaje watu waliokufa. Nani aliuawa ndani ya FRELIMO mwaka ule mbali na Mondlane? Mmojawapo ni Silvério Nungu, kada wa chama, aliyeuawa Juni 1969. Viongozi wakubwa wanatajwa kila mahali, kwa hiyo majina yao yanaleta lundo. Nungu anatajwa na wachache, na kila anayemtaja ana jambo la kusema. Jina lake pia ni fupi na halina m, kwa hiyo mashine haina nafasi kubwa ya kuliharibu. Tuliandika Nungu pamoja na Muthemba, bila mwaka, bila mwandishi. Ukatokea waraka wa Kiingereza uliopigwa taipu, sehemu ya mwandishi ikiwa tupu kwenye kadi ya maelezo na kichwa kikiwa maneno ya jumla tu yaliyowekwa na aliyeskani. Ndani, kwenye picha ya ukurasa wenyewe, kichwa kilisomeka: Gloomy Situation in Frelimo. Tarehe ya waraka ni 3 Novemba 1969.

Mwanafunzi alifurahi, nami nilifurahi naye. Kisha tukarudi kazini, maana kuupata waraka hakukuwa kujibu swali.

Simango katika waraka huo anawashutumu wenzake katika uongozi. Anazungumza juu ya mauaji ndani ya chama, yakiwamo ya Nungu. Analalamikia kundi la watu wa kusini mwa Msumbiji kuwa limejikusanyia madaraka, na anataka Machel na dos Santos waondoke kwenye nafasi zao. Ni maandishi ya mtu aliyebanwa, anayejua kwamba siku zake ndani ya chama zinahesabika. Msomaji wa leo anayejua alivyoishia ana hatari ya kuamini kila mstari kwa huruma. Mimi huruma hiyo ninayo, na sioni aibu kuisema. Lakini Simango alikuwa mmoja wa wagombea wa kiti. Alikaa kwenye uongozi huohuo tangu 1962, na Aprili 1969 alikubali kuingia Baraza la Urais. Waraka wake ni ushahidi kwamba mgogoro ulikuwapo, na wa namna upande mmoja ulivyoueleza. Kwa tuhuma moja moja, kila moja ilitaka ushahidi wake.

Upande wa pili ulieleza jambo hilohilo kwa lugha nyingine kabisa. Kwa FRELIMO ya Machel haya yalikuwa mapambano ya mistari miwili, mstari wa mapinduzi dhidi ya wanyonyaji wapya waliotaka kushika nafasi ya wakoloni, na Nkavandame, aliyejisalimisha kwa Wareno mwaka huohuo wa 1969, alikuwa mfano uliotolewa mara kwa mara. Hapa jarida la chama, lile lililotuchosha mwanzoni, likawa na thamani yake. Niliomba mwanafunzi aweke matoleo ya 1969 na 1970 kwa mfuatano na asome jinsi Simango anavyotajwa: anaanza kama kiongozi miongoni mwa viongozi, kisha anapungua, kisha anakuwa adui. Mabadiliko hayo yanaonekana kwa yule tu anayesoma toleo zima, ukurasa baada ya ukurasa. Kisanduku cha kutafutia hukukatia mstari wenye jina na kuuacha uliotangulia. Ukweli ni kwamba baada ya siku za kutafuta, sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye kusoma kwa utaratibu kitu tulichokuwa nacho tangu mwanzo.

Kuna tahadhari mbili ambazo tasnifu ilipaswa kuziandika wazi. Ya kwanza ni nakala zilizopitia mikononi mwa polisi. Majalada ya PIDE, polisi wa siri wa Ureno, iliyobadilishwa jina kuwa DGS mwaka 1969, yako Torre do Tombo, hifadhi ya taifa ya Ureno, Lisbon, na maelezo ya majalada mengi yanapekuliwa mtandaoni kwa Kireno. Ni hazina, kwa kuwa polisi hao waliokota kila karatasi. Ila kazi yao haikuwa kuhifadhi historia. Walitaka kukigawanya chama, na ugomvi wa Simango na wenzake ulikuwa chakula chao. Nakala yoyote iliyotoka huko ilinganishwe neno kwa neno na nakala iliyotoka kwingine kabla ya kunukuliwa. Sisi tulilinganisha sentensi zilizotajwa kwenye makala za magazeti na zile za waraka wetu kabla ya kuuamini.

Ya pili ni kauli ya Nachingwea. Baada ya kuondoka Tanzania Simango alijiunga na COREMO, chama kingine cha ukombozi wa Msumbiji. Mapinduzi ya Ureno ya Aprili 1974 yalipofungua mlango, akaongoza chama cha muungano wa upinzani, PCN. Akakamatwa. Mwaka 1975, kwenye kambi ya FRELIMO Nachingwea, kusini mwa nchi yetu, alisomeshwa hadharani ungamo refu akijiita msaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Anayetafuta kwa jina lake peke yake hukutana na ungamo hilo mapema, likiwa na maneno yanayoonekana kutoka kinywani mwake. Mtu asiyeangalia mahali liliposomwa na nani alikuwa ameshika bunduki anaweza kulitumia kuufafanua waraka wa 1969, kana kwamba mtu aliandika siri zake miaka sita baadaye. Nilisisitiza, tena kwa ukali kidogo, kwamba maandishi hayo mawili yasiwekwe kwenye aya moja. Moja aliandika akiwa huru, ingawa kwa hofu. Jingine aliwekewa mkononi.

Kwenye Kiswahili hatukufanikiwa sana. Miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa na Uhuru na Ngurumo kwa Kiswahili, na The Nationalist na The Standard kwa Kiingereza. Wana-MANU wengi walikuwa Wamakonde waliofanya kazi Tanganyika na Kenya, na ugomvi wa FRELIMO ulizungumzwa Kiswahili mitaani, kambini na ofisini. Lugha hiyo haimo kwenye hifadhi za kidijitali kwa kiasi inachostahili, kwa sababu walioskani walianza na walichoweza kusoma. Mwanafunzi alikwenda East Africana, kwenye Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kufunua magazeti kwa mkono, akianza na wiki za Novemba 1969 ambazo waraka ulimpa. Hiyo ndiyo faida ya tarehe kamili: gazeti la karatasi halina kisanduku, lakini mtu mwenye tarehe hakihitaji. Ninaumia kuona kwamba mtafiti aliyeko Norway anasoma jarida la FRELIMO lililochapwa Dar es Salaam akiwa kitandani, na gazeti la Ngurumo la wiki hiyohiyo linamtaka mtu apande daladala hadi Mlimani. Magazeti hayo yaskaniwe, na yaskaniwe hapa, na watu wanaojua kuyasoma.

Kwenye tasnifu, kila waraka ulitajwa pamoja na hifadhi ulikopatikana, ulifikaje huko kadiri ilivyojulikana, na maneno yaliyotumika kuupata, yakiwamo yale yenye makosa. Msimamizi mmoja aliona hilo limezidi. Mimi nililitetea. Msomaji atakayekuja akiandika jina sahihi na kukosa anahitaji kujua kwamba waraka upo, na kwamba njia ya kuufikia inapita kwa Nungu.

Kazi aliyoichukua sasa ni ngumu zaidi. Celina Simango, mke wa Uria, aliongoza LIFEMO, jumuiya ya wanawake ya FRELIMO iliyoanza 1966, kabla wanawake wote hawajawekwa chini ya Kikosi cha Wanawake. Naye aliuawa baada ya uhuru. Kwenye matokeo anatokea hasa kama mke wa mtu. Kwa hiyo utafutaji umeanza na LIFEMO na tahajia zake zote, halafu ripoti za mikutano ya kimataifa ya wanawake ya kati ya 1966 na 1969, ambamo majina ya wajumbe yalipigwa taipu mwishoni kabisa, kwenye kurasa ambazo walioskani mara nyingi hawakuziandikia maelezo.